Kucha za Kanju: nilivyopata kikatio kinachomfaa paka mzee

Droo ya chini jikoni kwangu, hapa Migosi, Kisumu, imejaa vifaa vya kukatia kucha za paka. Paka mwenyewe ni mmoja, tena mzee, kutwa kucha amelala. Pesa nilizomwaga kwenye vifaa hivyo zingejaza mtungi wa gesi wa kilo 6 mara mbili na chenji ikabaki. Kinachofanya kazi ni kimoja tu, nacho ni miongoni mwa vile vya bei nafuu. Naandika kwa ajili ya yeyote aliye na paka wa ndani, maana kila nilikouliza niliambiwa ninunue chochote, kucha ni kucha.

Paka anaitwa Kanju. Ni wa nyanya yangu, Dani, aliyekuja kuishi nami kutoka Yala baada ya kisukari kuanza kumsumbua miguu. Jina alilipata kwa tabia ya kanju, askari wa baraza la mji: akina mama wa omena wakitua beseni bomani, yeye hutokea ghafla, hunyakua, huondoka, na hakuna wa kumdai risiti. Dani alikataa katakata kuja mjini bila yeye. Walisafiri pamoja, Kanju kwenye katoni iliyotobolewa matundu, matatu nzima ikimsikiliza akilia mpaka stendi.

Kule Yala hakuna aliyewahi kufikiria kucha zake. Alipanda miembe, alichimba, alikwaruza magogo. Paka anapokwaruza mti anavua ganda la nje la kucha, lile lililokwisha kufa, na chini yake kuna ncha mpya. Hata wa ndani hufanya hivyo. Ukifagia zulia utaokota maganda hayo, meupe, membamba, yenye uwazi katikati, na ukiwa mgeni wa mambo haya utadhani kucha zinang'oka kwa ugonjwa. Ni kawaida kabisa.

Paka akizeeka, tena akaishi ghorofa ya tatu pasipo mti, mambo hubadilika. Hakwaruzi sana, maganda hayavuki, yanapandana, na kucha inanenepa huku ikizidi kujikunja. Ya kuogopwa zaidi ni ile ya kidole gumba cha mguu wa mbele, kwa sababu yenyewe haigusi chini hata akitembea. Hujikunja ikarudi kuichoma nyama laini ya wayo. Haya niliyajua baadaye, kwa gharama.

Kilichotusukuma mwanzoni kilikuwa mapaja ya Dani. Kanju hupenda kumpanda mapajani na kumkandakanda kwa miguu ya mbele, akikoroma kwa raha. Kucha zilipita leso, zikapita gauni, zikafika kwenye ngozi. Ngozi ya mzee ni nyepesi, na kwa mwenye kisukari hata mkwaruzo mdogo hukawia kupona. Siku nilipomsaidia kuoga nikaona mistari myekundu juu ya magoti, mingine imeanza kuvimba, nilimwambia wazi kwamba paka asipakatwe tena.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "nimeacha nyumba, nimeacha kuku, nimeacha shamba. Huyu pia niache?"

Sikuwa na jibu. Ikabidi kucha ndizo ziondoke, paka abaki.

Ushauri ulimiminika. Mama Baraka wa mlango wa pili alisema tutumie wembe, ndivyo walivyokatwa wao utotoni. Wembe ulimfaa mtoto aliyetulia huku mama yake amemshika kidole. Kwa paka anayeweza kuuvuta mguu wakati wowote, utajikata wewe na umkate yeye. Kijana mmoja wa ploti yetu akasema kule ng'ambo paka hung'olewa kucha zote na mambo yakaisha. Nilitaka kujua, nikasoma. Kucha ya paka imeshikana na mfupa wa mwisho wa kidole, kwa hiyo huwezi kuing'oa peke yake. Kinachofanyika ni kukata kidole kwenye kiungo cha mwisho, na kwa mwanadamu ingekuwa vidole vyote kumi kuishia pale kucha inapoanzia. Uingereza ni marufuku, na jimbo la New York kule Marekani lilipiga marufuku mwaka 2019. Hilo tukaliacha lilivyo.

Nikaanza na kilichokuwepo nyumbani, kile kikata kucha cha kawaida cha shilingi 80 tunachotumia sisi wenyewe. Sikidharau. Kwa mtoto wa paka mwenye kucha nyembamba kama uzi kinatosha, na najua watu wanaokitumia miaka yote bila shida. Tatizo ni umbo. Kucha ya mtu ni bapa, na midomo ya kifaa kile imetengenezwa ifuate ubapa huo. Kucha ya paka imebanwa ubavuni: ukiitazama kutoka juu ni nyembamba, ukiitazama kutoka pembeni ni pana na imejikunja. Kanju alikuwa na kucha nene za uzee, na kikata kucha chetu kilikuwa butu bila sisi kujua kwa sababu zetu kilikuwa bado kinazimudu. Kilipobana, hakikukata. Kiliponda. Ncha ikapasuka kwa urefu na kubaki na nyuzinyuzi, kali kuliko mwanzo. Halafu ile midomo mipana ya chuma inaziba kila kitu. Unabana bila kuona unachobana.

Nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo mjini. Muuzaji hakuniuliza paka ana umri gani wala kucha zake zikoje. Alifungua kabati la kioo, akatoa koleo lenye mpini wa mpira na kibati cha kuzuia usikate kupita kiasi. "Madam, hii ni ya nguvu, haitakuangusha." Shilingi 850. Nguvu kweli ilikuwa nayo, lakini koleo lile limetengenezwa kwa mbwa mkubwa, na kulitumia kwa paka ni sawa na kuchambua omena kwa panga. Mdomo wake ukifunguka unameza kucha yote pamoja na manyoya ya kidole. Kile kibati cha usalama nacho kimepimwa kwa kucha ya mbwa. Ukikifuata kwa paka, kinakupeleka moja kwa moja kwenye nyama.

Na ndiko kulikonipeleka. Ndani ya kucha ya paka kuna sehemu ya waridi, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kwenye kucha nyeupe inaonekana vizuri ukiisogeza kwenye mwanga. Niliigusa. Kanju alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akajirusha chini ya kochi, na matone ya damu yakafuata sakafuni. Dani hakusema kitu. Alikaa akitazama lile koleo mkononi mwangu mpaka nikaliweka mezani.

Sasa nikueleze la kufanya damu ikitoka, kwa sababu siku hiyo nilihangaika bure. Chukua konifulawa, au unga wa ngano usipokuwa nayo, uweke kidogo kwenye kiganja, uchovye ncha ya kucha na uibane kwa pamba safi dakika chache bila kufungua kila mara kuchungulia. Kwa kawaida hukoma upesi. Ikiendelea kutiririka zaidi ya robo saa, mpeleke kwa daktari. Usimpake Dettol. Nyumba nyingi huku kwetu ndiyo dawa ya kila kidonda, lakini kemikali iliyomo ni sumu kwa paka, na yeye atailamba tu hata ukimkataza. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yanatosha kuosha.

Baada ya siku ile Kanju akawa ananiona na koleo hata nikiwa nimeshika kijiko. Ikapita muda mrefu bila kumgusa miguu. Mikwaruzo ya Dani ikaendelea, nami nikawa nakaa usiku na simu nikitafuta kifaa cha "uhakika".

Cha kwanza nilichoagiza kilikuwa kile cha tundu: kina kishimo cha duara, unaingiza ncha ya kucha, unabana mpini, na wembe mmoja unateleza kukata. Shilingi 600. Wapo wanaokisifu, na kwa paka kijana mwenye kucha zilizonyooka kiasi naelewa kwa nini, maana kikiwa kikali hukata safi. Mimi nilishindwa hatua ya kwanza tu. Kucha iliyojikunja haiingii tundu. Unailenga, paka anasogeza mguu, unalenga tena, subira yake inaisha kabla hujabana hata mara moja. Kisha unategemea wembe ule mmoja peke yake. Ukiisha makali lazima ubadilishe, na wembe wa kubadilisha sikuuona popote Kisumu.

Cha pili ni tupa ya umeme. Hiki kiliniuma, shilingi 1,900 kwa M-Pesa pamoja na usafirishaji. Kwenye picha paka amelala chali akitabasamu. Kanju alisikia mlio wake akiwa chumba kingine na sikumwona mpaka jioni. Hata angekubali, kifaa kile kinatetemesha kidole, kinapata joto ukikikawiza mahali pamoja, na manyoya marefu yanaweza kunaswa na kile kichwa kinachozunguka. Mbwa mwenye kucha nene nyeusi anaweza kuzoeshwa taratibu. Kwa kucha ya paka, ambayo yote unayotaka kuondoa ni milimita moja au mbili, sioni haja yake.

Mambo yalifika ukingoni Kanju alipoanza kuchechemea. Nilidhani ameruka vibaya kutoka kwenye kabati. Mama Baraka, kwa nia njema kabisa, akaja na robo ya Panadol aliyokwisha kuisaga. Namshukuru Mungu Dani alisema tungoje kwanza. Paracetamol, ambayo ndiyo Panadol yenyewe, inaua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, na sumu inayobaki huiharibu damu isiweze kubeba hewa. Daktari alituambia kidonge kimoja kinatosha kummaliza. Ukisahau yote mengine niliyoandika hapa, hili lishike.

Daktari wa mifugo tuliyempata alimweka Kanju juu ya meza, akamshika mguu wa mbele wa kulia, akatenganisha manyoya kwa kidole. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imefanya duara kamili na ncha yake imezama ndani ya wayo. Pembeni palikuwa na usaha. Kumbe miezi hiyo yote nilikuwa nikishughulika na kucha nne za mbele zilizokuwa zikimchoma Dani, na ile ya tano, iliyojificha pembeni juu kidogo, ilikuwa ikimchoma mwenyewe.

"Mama, hii ulikuwa unaiona?" akaniuliza.

"Sikujua kama ipo, daktari."

"Wengi hawajui. Mguu wa mbele hesabu tano. Wa nyuma hesabu nne. Kumi na nane zikitimia ndipo uinuke."

Kisha akatoa mfukoni kifaa chake, na nikaduwaa. Kilikuwa kikasi kidogo, kifupi kuliko kidole changu cha kati, chenye matundu mawili ya vidole na wembe mfupi mfupi. Kila wembe una pengo la nusu duara karibu na ncha. Ukifunga, yale mapengo mawili yanaikumbatia kucha isiteleze, kisha yanakata kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Hakuna kibati, hakuna mpini mnene, hakuna kinachoziba. Unaiona kucha kuanzia ncha hadi ile sehemu ya waridi, na unachagua mwenyewe pa kukata. Kwa kuwa kinaingilia ubavuni, kucha iliyojikunja haihitaji kupenyezwa popote. Alikata lile duara, akaitoa ncha iliyozama kwa kibano, akaosha, akachoma sindano. Nililipa 2,500 pamoja na dawa za kwenda nazo. Ukikuta kucha imezama hivyo usijaribu kuivuta nyumbani. Inauma sana, na kidonda kinahitaji dawa.

Kikasi cha aina hiyo nilikipata kwa shilingi 450. Si cha kwanza nilichooneshwa, kwa hiyo nitasema nilivyochagua.

Nilikataa kuangalia pakiti. Nilifungua, nikafunga zile nyembe na kuziinua kwenye mwanga wa mlango. Zikiacha upenyo hata mwembamba, au zikipishana, kitaponda. Skrubu ya katikati iwe imekaza bila kuwa ngumu. Ukitingisha na nyembe zikacheza, kiache hapo. Halafu nilikuwa nimebeba njiti ya ufagio wa makuti kutoka nyumbani, jambo lililomfanya muuzaji anicheke. Njiti ile ni nyembamba na ngumu, unene wake haupishani sana na kucha ya paka mzima. Kikasi cha kwanza kiliibana na kuikunja ikaacha nyuzi. Cha pili vilevile, ingawa kilikuwa ghali zaidi na kina picha ya paka mzuri. Cha tatu kiliikata, kipande kikaruka, na sehemu iliyokatwa ikawa laini. Nikakichukua hicho.

Kuna jambo la mkono pia. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na baadhi ya vikasi vina mpini uliofinyangwa kwa gumba la mkono wa kulia. Ukivishika kwa kushoto nyembe zinasukumwa zitengane badala ya kubanana. Chenye matundu mawili ya duara yanayolingana kilinikaa vizuri. Na kama una vidole vinene, jaribu kuviingiza kabla ya kulipa. Matundu ya vikasi hivi ni madogo.

Kifaa kikipatikana, kazi nyingine ni kumrudisha paka. Kanju alikuwa ameshapoteza imani nami, na hilo halikurekebishwa na kikasi. Nilianza kumshika tu miguu anapolala, bila kifaa chochote, nikiminya kidole polepole juu na chini mpaka kucha ichomoze, kisha nikiachia na kumpa omena mmoja. Siku nyingine nikikiweka kikasi karibu yake akinuse. Siku nyingine nikikata njiti kando yake azoee mlio. Dani alinidhihaki kwamba nimeposa paka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, kulainisha kwanza.

Siku hizi tunakata mchana baada ya chakula, karibu na dirisha, jua la Kisumu likisaidia. Dani anamkalisha juu ya leso iliyokunjwa, mgongo wa Kanju ukielekea tumbo lake, na anamwimbia chinichini. Akionekana kukataa tunamfunika kwa leso hiyo na kutoa mguu mmoja tu nje. Mimi naminya kidole, kucha inatoka, natafuta ile waridi. Kucha zake mbili ni za rangi nyeusi na waridi haionekani. Hizo naweka tochi ya simu nyuma yake na kukata kidogo sana, ile ncha kali tu. Nyembe nazielekeza moja ije kutoka juu ya kucha na nyingine kutoka chini, kwa sababu ukibana kutoka kushoto na kulia kucha ni rahisi kupasuka. Siendi karibu na waridi. Milimita mbili zikibaki, zibaki.

Na si lazima zote kumi na nane ziishe siku moja. Mkia ukianza kupiga huku na huku, masikio yakalala nyuma, tunaacha, hata kama ni kucha moja tu tuliyokata. Wakati mwingine mguu mmoja unachukua siku kadhaa. Za mbele tunazirudia kila baada ya wiki mbili au tatu; za nyuma hazina tabu hivyo, nyingi naziangalia tu. Kidole gumba sikiruki kamwe.

Kama paka wako analala nje na kukimbizwa na mbwa, fikiria kabla hujakata. Kucha ndizo zinazompandisha ukutani. Mzee asiyeweza tena kukwaruza mkague hata hivyo, lakini yule anayehangaika mitaani muachie silaha zake.

Dani bado hukwaruzwa mara mojamoja, Kanju akishtuka na kuruka. Hapo tunaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, na sabuni tunatumia kweli, si kumwagia tu. Kanju amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na kadi yake iko kwenye droo ya vyeti. Watu husikia jina la ugonjwa huo wakadhani unamhusu mbwa peke yake. Paka pia huupata na humwambukiza mtu. Viroboto nao tunavidhibiti, kwa kuwa kuna bakteria wanaoenezwa na kinyesi cha kiroboto kinachobaki kwenye kucha, na mkwaruzo ndio mlango wao.

Kitu kimoja nilichotamani ningekinunua kabla ya tupa ile ya umeme ni nguzo ya kukwaruzia. Fundi wa juakali pale Kibuye alinitengenezea kwa vipande vya mbao za mvule alizobakisha, na kamba ya katani tukanunua sokoni hapohapo. Tuliizungusha kamba ikabana, kila mzunguko ukigusa mwenzake, gundi chini na misumari miwili juu ambayo vichwa vyake vimezama. Urefu umfike paka akiwa amejinyoosha wima, la sivyo ataipuuza. Na msingi uwe mzito. Nguzo ikiyumba mara moja tu hatairudia. Tuliiweka kwanza kwenye kona ya balkoni kwa ajili ya urembo wa sebule, Kanju akaendelea na kochi. Tulipoihamishia ubavuni mwa kochi, palepale alipozoea kukwaruza, aliianza siku hiyohiyo.

Kikasi chenyewe nakifuta kwa spiriti kila baada ya kazi na kukikausha, na nyumba nzima inajua hakitumiki kukata sacheti za maziwa. Usimpelekee mnoaji wa visu wa barabarani. Kikasi changu cha kwanza cha aina hii alikifuta yale mapengo ya nusu duara kwenye jiwe lake la kunolea, akanirudishia makasi ya kawaida. Kikianza kuiponda njiti ya ufagio, nunua kipya.